Kosta, Hema na Radhi ya Masanja

Kaka yangu Twalib alipopata nafasi ya kwenda Hija, jambo la kwanza alilofanya ni kuzunguka mitaa ya Mbeya akiomba radhi. Ndivyo ilivyo kwetu: mtu haendi kwenye Nyumba ya Mungu huku ameacha watu nyuma wakimnung'unikia. Alikwenda kwa majirani, kwa mafundi gereji, kwa mke wake wa zamani, kwa kinyozi aliyewahi kumtukana. Wote walimsamehe upesi, wengine bila hata kukumbuka kosa lenyewe. Lilipobaki jina moja, alikaa wiki tatu haendi popote. Jina hilo lilikuwa la Masanja wa Ubaruku.

Masanja alikuwa tanboi wake, yaani utingo, kwa miaka kumi na mmoja kaka alipokuwa akiendesha lori la tajiri mmoja wa Mbeya, wakipiga njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuka mpaka. Siku moja lori liliingia Uyole dizeli ikiwa pungufu sana. Tajiri alikuwepo, na madereva walikuwepo, wamekaa kwenye kijiwe chao cha kahawa kando ya maegesho. Kaka alipoulizwa, alisema mbele ya wote kwamba yeye alikuwa amelala na zamu ya kulinda ilikuwa ya Masanja. Hakuongeza neno, wala halikuhitajika. Masanja alifukuzwa palepale, na hakuna tajiri mwingine aliyemchukua. Miezi miwili baadaye fundi alishusha tangi lile akakuta ufa mwembamba chini ya mkanda wa chuma unaolishika. Gari likitikisika barabarani lilivuja, likisimama halidondoshi hata tone. Kaka alimwambia fundi azibe. Watu wengine hakuwaambia, na sasa imepita miaka tisa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa skauti, kwa hiyo Juni shule zikifungwa huwa sina udhuru wa kukataa safari. Wifi yangu alinipigia simu. "Mwalimu, mfuate kaka yako," alisema. "Anasema anakwenda Iringa kulijaribu gari, halafu atapita Ubaruku. Akienda peke yake hiyo Ubaruku hataiona." Nilichukua hema langu nikaenda.

Uyole, saa moja asubuhi, tulikutana kando ya barabara kuu, malori yakitoka moja moja kwenye ukungu. Gari lenyewe ni Kosta kuukuu iliyokuwa ikibeba abiria. Baada ya kustaafu, kaka aling'oa viti vyote akaweka kitanda, jiko la gesi, sinki, pipa la maji, taa za sola na mapazia ya kitenge. Alinitembeza humo ndani kama mwenye nyumba mpya. Kila kitu kilikuwa na mlango wake na komeo lake, na kwa kweli kilipendeza. Kisha akaliangalia furushi langu.

"Utalala kwenye hicho kitambaa?"

"Ndiyo."

"Na simba je?"

"Mafinga hakuna simba, kaka. Kuna baridi na kukoroma kwako. Baridi naiweza."

Lazima nikiri kwamba nilipanda gari nikiwa na upande wangu tayari. Nimelala kwenye mahema tangu nikiwa msichana, na sijaona kitanda kinachonipa usingizi kama ardhi iliyofagiliwa majani. Lakini niliahidi moyoni kwamba nitaliangalia gari la kaka kwa haki, kama ninavyosahihisha daftari la mtoto nisiyempenda.

Chimala, saa nne na nusu, tulisimama kupata chakula. Hapo ndipo nilipoanza kuona desturi za dereva wa malori. Kabla ya kumsalimia mtu yeyote, kaka alishuka na kipande cha nondo, akazunguka gari akigonga matairi moja baada ya jingine na kusikiliza mlio. Halafu akafunga mfuniko wa tangi kwa kufuli. Alikuwa amechomelea pete mbili za chuma mahali hapo kwa kazi hiyo tu. Kufuli hilo alianza kulitumia baada ya mkasa wa dizeli, na hata alipojua kwamba mwizi alikuwa ni ufa hakuliacha. Nilimuuliza kwa nini.

"Mazoea," alisema. "Mkono unafunga wenyewe."

Mama muuza chakula alimtambua kabla hatujakaa. "Dereva! Umezeeka jamani!" Alitupakulia wali wa Chimala, ule unaonukia kabla sahani haijafika mezani, na maharage juu. Alipokuwa akiweka maji akauliza, "Na yule Msukuma wako, yule mrefu, siku hizi yuko wapi?"

"Yupo," alisema kaka.

"Yupo wapi?"

"Ubaruku."

"Kumbe hapo tu! Msalimie basi, mwambie nilimkumbuka." Kaka aliangalia sahani yake. Alikula wali wote, akaenda kuswali adhuhuri msikitini wakati haujaingia bado, akasubiri huko.

Kwenye njia panda ya kwenda Ubaruku nilikuwa nimekaa mbele, na niliona kibao kikija. Nilimwangalia kaka, naye akaangalia barabara. Gari halikupunguza mwendo, na nadhani liliongeza kidogo. Tulipokwisha kupita akasema tutaingia wakati wa kurudi, kwa kuwa mgeni haendi kwa watu mchana wakiwa mashambani. Saa ilikuwa saba na nusu na mimi sikubishana naye.

Makambako upepo ulikuwa mkali, na hapo niliona faida ya kwanza ya Kosta. Kaka alisimamisha gari pembeni, akafungua mlango wa ndani, na baada ya dakika tano nilikuwa nimeshika kikombe cha chai ya tangawizi bila kutia mguu nje. Mwenye hema hawezi kufanya hivyo. Angetafuta mawe na kuni, macho yakajaa moshi. Niliandika kwenye daftari langu: chai, alama kwa Kosta.

Mafinga, saa kumi na moja jioni, tuliomba nafasi kwenye shamba la misonobari. Msimamizi wake alikuwa mzee wa Kihehe aliyejitambulisha kama Baba Tulizo, mwenye koti refu la jeshi na viatu vya mpira. "Kamwene," alitusalimia. Alitupa uwanja mdogo wa nyasi kati ya mistari ya miti, akatuonya jambo moja.

"Moto hapana. Hata njiti ya kiberiti. Miezi hii msitu huu ni petroli."

Kaka alipaki, akagonga matairi, akafunga kufuli, akaingia ndani na kuvuta mapazia. Mimi nilisimamisha hema. Kazi hiyo inanipendeza kila mara: kutafuta mahali palipo sawa, kutoa vijiti na mawe kwa kiganja, kuingiza fimbo kwenye mifuko yake, kisha kitu kilicholala kama nguo chafu kinainuka na kuwa chumba. Chini ya misonobari ardhi ni laini kuliko godoro, maana majani makavu yamerundikana miaka na miaka. Baba Tulizo alisimama akitazama. Nilipomaliza, akaja kuchuchumaa mlangoni, akaniuliza habari za Mbeya, bei ya viazi, watoto wa skauti wanafundishwa nini. Alinionyesha wapi jua litatokea ili nigeuze mlango. Aliniletea mahindi ya kuchoma kutoka kwake, yamefunikwa kwa maganda yasipoe.

"Na huyo wa ndani hali?" aliuliza.

"Anakula. Mgongee."

"Aa, mapazia yamefungwa," alisema. "Labda anapumzika." Hakugonga.

Kulipopambazuka hema lilikuwa limelowa umande kama limetoka kufuliwa, na vidole vyangu havikukunjika. Kaka alitoka amevaa soksi kavu, akanipa chai iliyobaki kwenye chupa tangu Makambako na hakuficha furaha yake. Lakini ukungu ulikuwa umejaa kati ya miti hadi sikuona mstari wa pili, na ndege mmoja alikuwa akiita mbali, anasita, anaita tena, na mimi nilikuwa nimelala na kuamka ndani ya hayo yote. Kaka alikuwa ameyaona kupitia kioo. Nilipomuuliza kama alimsikia ndege, aliniuliza ndege gani.

Iringa, saa sita mchana, tulipanda kilima kutoka Ipogolo na kuingia mtaa wa Kitanzini, kwa shangazi yetu Mwanaidi. Huyu ni dada wa mwisho wa marehemu baba, mjane, na maneno hayamgandi mdomoni. Nilipoanza kufungua furushi uani, alitoka na upawa mkononi.

"Unafanya nini?"

"Nasimamisha hema, shangazi."

"Ili watu wa hapa waseme Mwanaidi ana vyumba vinne na mtoto wa kaka yake kalala na kuku? Kunja hiyo."

Nilikunja. Kaka alisema yeye atalala kwenye gari lake langoni, gari haliachwi peke yake mjini. Shangazi alimnyooshea upawa. "Wewe lala huko," alisema. "Umekuja kwangu na nyumba yako, nikukaribishe wapi?" Wakati huo nilidhani ni mzaha wake tu.

Baada ya alasiri tulikaa ukumbini tukila kachori, na kaka akamweleza habari za Hija. Shangazi alishukuru Mungu, akauliza kama ameomba radhi kwa watu. Kaka alisema kwa wote, bado mmoja. Akamsimulia habari za tangi, kwa sauti ndogo, akiacha ile miezi miwili na fundi. Mimi nikaijazia. Alinikata jicho, lakini siwezi kumsikiliza mtu mzima akiruka mstari.

"Huyo Masanja anakaa wapi?" shangazi aliuliza.

"Ubaruku."

"Ubaruku hii ya Mbarali? Ile unayoipita ukija hapa?"

Kaka alinyoosha mkono kuchukua kachori nyingine.

"Kwa hiyo jana umepita mlangoni kwa mtu uliyemwibia jina lake, umekuja Iringa kula kachori." Alichukua sahani akaiweka kando. "Kesho baada ya alfajiri sitaki kukuona hapa. Na usiende huko kutafuta Hija yako. Nenda ukamtafute yeye."

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, tuliingia Ubaruku. Mavuno yalikuwa yamepamba moto. Mpunga umeanikwa kwenye maturubai hadi ukingoni mwa barabara, mashine za kukoboa zinanguruma, na vumbi la pumba limetanda juu ya kila kitu, hata juu ya kope za watu. Tulimuuliza kijana wa bodaboda nyumbani kwa Masanja.

"Masanja yupi? Wa trekta, au Masanja wa Malori?"

"Wa Malori," kaka alisema. Miaka tisa mtu analima mpunga na bado wanamwita hivyo.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, uwanja mpana umefagiwa, ng'ombe kumi hivi zizini, magunia ya mpunga yamepangwa barazani. Masanja alitoka mwenyewe. Ni mtu mrefu kweli, mvi zimeanza, na alipoona ni nani aliyekaa kwenye usukani alisimama, kisha akafungua mikono yote miwili. Mke wake, Mama Kulwa, alikuwa tayari amebeba jagi la maji ya kunawa. Kaka alizima gari, akashuka, akachukua nondo yake, akagonga tairi la kwanza, la pili, akazunguka nyuma, la tatu, la nne, akatoa kufuli mfukoni, akafunga tangi. Kisha akaja kusalimia.

Mikono ya Masanja ilikuwa imeshashuka.

"Funga vizuri, Dereva," alisema, akitabasamu. "Hapa Ubaruku wezi tupo wengi."

Kaka alicheka. Alidhani anataniwa. Alimshika mkono, akauliza habari za watoto na mavuno, na Masanja akamjibu yote kwa adabu, kisha akasema anakwenda mara moja kuangalia mashine. Mama Kulwa alimwaga maji aliyokuwa ameyabeba, akaingia ndani. Sijawahi kuona aibu kama niliyoiona mimi pale, na haikuwa hata yangu.

"Kaka," nilimwambia tulipobaki wawili, "umefunga kufuli."

"Kufuli gani?"

"La dizeli. Nyumbani kwa Masanja. Mbele ya mke wake."

Ilimchukua muda. Aliangalia gari, akaangalia mkono wake wa kulia, kisha akakaa kwenye ngazi ya Kosta. Aliinuka kwenda kulifungua, nikamshika shati. Akikimbia kulifungua sasa, atakuwa amemkumbusha Masanja mara mbili. Akakaa tena. Alisema anataka kuwasha gari aondoke. Nikamwambia awashe, mimi na hema langu tutabaki.

Nilianza kulisimamisha pembeni ya uwanja, na Mama Kulwa akatoka mbio.

"Aa, mwalimu, hapana! Mgeni analala nje, sisi tuko ndani? Chumba kipo."

Nilimwambia kwamba chumba cha kwanza apewe kaka yangu, na mimi nimezoea hivi, ni furaha yangu. Nilimwomba anisaidie kushika fimbo. Alishika akisitasita, kisha hema lilipoinuka akapiga kigelegele. Aliingia, akakaa, akapapasa kuta.

"Sasa hii unafunga na nini?"

"Na zipu."

"Zipu tu?"

"Zipu tu."

"Mtu akitaka kuingia?"

"Ataingia," nilisema. "Kama wewe." Alicheka hadi machozi, akavua khanga ya mabegani akaikunja iwe mto wangu. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akisema shangazi. Mwenye hema anamhitaji mwenyeji kwa kila kitu, kwa maji, kwa kivuli, hata kwa kushikiwa fimbo, na mwenyeji anapata la kufanya. Kosta ilikuwa imesimama katikati ya uwanja na kila kitu chake ndani, haimhitaji mtu.

Jua lilipokaribia kuzama, Masanja alirudi na jogoo mkononi na kisu. Alimfuata kaka pale kwenye ngazi, akamnyooshea vyote viwili. "Chinja mwenyewe," alisema, "ule bila wasiwasi." Yeye ni Mkatoliki, na alikuwa amekumbuka. Baada ya kufungiwa kufuli uwanjani kwake, bado alikumbuka. Kaka alichinja, na bismillahi yake niliisikia hadi nilipokuwa.

Baada ya magharibi tulikula barazani, wali na jogoo, watu wazima wanne tu. Kaka hakungoja chai. Alisema kila kitu: ufa, mkanda wa chuma, fundi, na jinsi alivyonyamaza. Alisema kufuli la leo ni mazoea mabaya na anaona haya. Alisema anaomba radhi.

Masanja alikuwa akinawa. "Huo ufa uliuona lini?"

"Miezi miwili baadaye."

"Mwaka uleule."

"Mwaka uleule."

"Mimi wakati huo nilikuwa bado nazunguka Uyole natafuta kazi," Masanja alisema. Hakuinua sauti. "Ningeajiriwa. Ungesema neno moja, ningeajiriwa." Alijifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole. "Dereva, mimi sina kinyongo cha kukufanya usiende huko Makka. Lakini hukuniita mwizi hapa. Hapa watu wananijua. Uliniita Uyole, mbele ya wazee wa kijiweni. Hapa nikikusamehe, nani amesikia? Mimi na ng'ombe hawa?"

"Unataka nini, Masanja?"

"Kesho tupande wote hiyo gari. Ukaseme palepale."

Kaka alianza kukusanya sahani. Nilijua anachokiogopa. Tangu astaafu, kile kijiwe ndio ofisi yake, ndio jamaa zake. Kila asubuhi anakunywa kahawa pale na wazee walewale. Alikuwa tayari kumwambia Masanja, hata kumwambia Mungu, lakini wale wazee hapana. Mwishowe alisema, "Twende." Kisha akaomba aonyeshwe chumba, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, gari lake lililala peke yake.

Alfajiri Mama Kulwa alikuja hemani na kikombe cha maziwa, akakaa mlangoni miguu nje. "Mwangaluka," alisema, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na kwa kuwa sikujua kujibu, akanifundisha. Akaniambia kwamba mume wake amenyoa ndevu tangu saa kumi. "Mashamba yametupa kula, mwalimu, hatulalamiki. Lakini lori likipita hapo barabarani, anaacha jembe, anasikiliza injini. Anasema, hii inapaswa kupelekwa kwa fundi. Kila siku." Nilikunja hema polepole, umande ukinidondokea miguuni, maana sikutaka kuondoka.

Uyole, saa saba mchana, kijiwe kilikuwa kimejaa. Njiani Masanja alikaa mbele na mimi nikalala kwenye kitanda cha Kosta, na kwa haki niliyoahidi naandika kwamba ni kizuri, na mgongo wangu wa miaka hamsini ulishukuru. Kaka alipaki. Alishuka moja kwa moja, hakugonga tairi wala kufunga kitu, akaenda akasimama mbele ya benchi. Wazee walikuwa sita. Mkubwa wao ni Mzee Ambakisye, Mnyakyusa aliyeendesha malori kabla hata lami haijafika.

"Wazee wangu," kaka alisema, "mnamkumbuka Masanja. Hapa, miaka tisa iliyopita, niliwafanya muamini kwamba aliiba dizeli. Hakuiba. Nilijua kwamba hakuiba na nikanyamaza. Nimekuja kusema mbele yake na mbele yenu."

Walitazamana. Mzee Ambakisye aliweka kikombe chini, na kwa mshangao wangu alikuwa anacheka, kicheko kidogo cha kikohozi.

"Twalib, umetoka mbali kutuambia hilo? Sisi tunalijua siku zote. Tanboi atauza dizeli dereva asijue, atauzaje? Tumezaliwa jana?" Aligeuka kwa Masanja. "Kijana, pole sana. Hakuna aliyeamini ni wewe. Tulijua ni huyu, amekula mwenyewe akakusukumia wewe. Tukanyamaza. Hapa kila mtu ana yake."

Sijui niandike vipi uso wa kaka yangu. Miaka tisa alikuwa akinywa kahawa kwenye benchi lile, akiogopa wasijue kwamba alimsingizia mtu, na muda wote walikuwa wakimwona mwizi, wanamsogezea kikombe. Alifungua mdomo kusema habari za ufa, na nikaona wameanza kutabasamu, kwa sababu kila mwizi ana hadithi ya tangi lililovuja.

Masanja alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa amepata alichokifuata, tena zaidi. Angeweza kusalimia, akavuka barabara akapanda gari la kurudi Ubaruku akiwa safi, na hakuna ambaye angemlaumu. Alinyoa kwa ajili ya siku hiyo.

"Hapana, wazee," alisema. "Mnakosea." Alisogea akasimama sambamba na kaka. "Nimekaa na huyu mtu kabini miaka kumi na mmoja. Ana mambo yake mengi, na mimi kanifanyia moja baya ambalo nitakufa nalo. Lakini dizeli hakuiba. Tangi lilikuwa na ufa, chini ya mkanda, upande wa kushoto. Fundi aliuona. Mkimwita mwizi, mniite na mimi."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Ambakisye alisogea kwenye benchi kuwapa nafasi wote wawili. "Kama ni wewe unayesema," alisema, "basi imekwisha." Kaka alikaa, akafunika uso kwa kofia yake, akalia mbele ya watu wote saa saba mchana, na Masanja akamwagizia kahawa.

Nimerudi shuleni, hema limeanikwa likakauka, na kaka amekwenda Hija. Watu wananiuliza kipi bora, hema au gari la kulala, na ninawaambia mimi bado ni wa hema, ila chai ni ya Kosta. Lakini ninachokumbuka zaidi kutoka safari ile ni kwamba siku kaka yangu alipohitaji mtu mmoja wa kumtetea Uyole, alikuwepo mmoja tu aliyeweza, na ni yule ambaye yeye, mahali palepale, alikataa kumtetea.